Visanduku Kumi na Vinne vya Hajati Tafida

Inas Abdelgawad alijaliwa ulimi mkali na uso wa malaika, na mjini Tanta, nchini Misri, mchanganyiko huo ulikuwa umewaponza wengine tangu akiwa shule ya msingi. Siku mwalimu wa hesabu alipokuta chaki zake zote zimepakwa sabuni, aliita wasichana watano ofisini. Inas peke yake ndiye aliyerudishwa darasani bila kuulizwa, kwa kuwa mtoto mwenye macho yale hawezi kufanya kitu kama kile. Naye ndiye aliyekifanya.

Alipotimiza miaka ishirini na tisa alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ndogo ya watu watatu, juu ya duka la dawa. Baba yake, mkata tiketi mstaafu wa reli, aliwaambia watu kwamba binti yake "anatengeneza kompyuta," na tangu hapo kila jirani aliyeharibikiwa na mashine ya kufulia alikuja kugonga mlango wao.

Mwenye kampuni alikuwa Lutfi, mtu wa maneno matamu, aliyeweza kumuuzia samaki maji ya mto lakini hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Wa tatu alikuwa Wagdi. Huyu alikuwa amekula chumvi ya Java, lugha ya kuandikia programu, miaka kumi na miwili, na hakuacha siku ipite bila kukukumbusha.

Vuli ile walipata kazi kwa Hajati Tafida, mjane mwenye duka la halwa karibu na msikiti wa Sayyid al-Badawi. Maulidi ya walii huyo yalikuwa yanakaribia, watu wa Delta nzima ya Nile wangemiminika mjini, na hakuna anayeondoka Tanta bila halwa ya ufuta na dengu za kukaanga. Hajati alitaka watu waweze kuagiza kwa simu zao. Wagdi akapewa sehemu ya maagizo, Inas akapewa kurasa za kutazama bidhaa.

Ugomvi ulianzia kwenye ukurasa wa shukrani. Mteja akishajaza fomu na kuituma, seva, kompyuta inayopokea maagizo, huandika agizo kwenye orodha, kisha humwonyesha mteja ukurasa wa "Ahsante," jina lake likiingia kwa herufi za dhahabu. Wagdi alikuwa amelipitisha ombi ndani kwa ndani, kutoka programu ya maagizo hadi ukurasa wa shukrani, bila simu ya mteja kujua kwamba kuna mlango mwingine umefunguliwa.

"Hapo ungemwelekeza upya," Inas akasema, akichungulia juu ya bega lake huku akitafuna taamiya, bajia za maharage. "Mpe anwani ya ukurasa wa shukrani, simu yake ije kuuomba yenyewe."

"Safari mbili kwa kazi ya safari moja? Bibie, nani kakufundisha ubadhirifu?"

"Na akiupakia upya ukurasa? Simu yake bado inadhani iko kwenye fomu. Itatuma agizo tena."

"Nani anapakia upya ukurasa wa ahsante? Umewahi kuambiwa ahsante ukasema hebu rudia?"

Inas, kwa kiherehere, akaandika ya kwake mchana uleule, ya kuelekeza upya, akamwita Lutfi aje kuona. Akajaza fomu, akatuma. Ukurasa ukafunguka kwa madoido yote, herufi za dhahabu zikateleza zikatulia: *Ahsante, null.*

Jina la mteja lilikuwa limebebwa na ombi la kwanza. Ombi la pili lilikuja mikono mitupu, na Java isipokuwa na kitu cha kusema husema "null," yaani hakuna. Inas alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake, ila haraka haina baraka.

Wagdi alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Tangu saa ile jina la Inas likawa Madam Null. "Madam Null, chai?" "Madam Null, mlango." Hata muuza ful, maharage ya kupondwa, wa pale chini akalidaka, akidhani ni jina la ukoo. Inas alitabasamu kila alipoitwa, tabasamu lilelile la siku ya chaki.

Jumatatu Hajati Tafida alialikwa ofisini kuona kazi. Alipanda ngazi akitweta, akaketi, akatoa simu yake mpya aliyonunuliwa na mwanawe. Lutfi akamhakikishia kila mtu kwamba haya ni majaribio tu; mashine ya kuchapa maagizo jikoni kwa Hajati ingeunganishwa Alhamisi.

"Chagua kisanduku cha ufuta, Hajati," Inas akamwambia, amechuchumaa kando ya kiti chake. "Sasa weka jina lako. Hapa, anwani ya kupelekewa."

"Anwani ya nani?"

"Yeyote. Ni mchezo tu."

Hajati akakunja uso. "Mimi anwani ninayoijua kwa moyo ni moja tu nje ya yangu. Andika ya Rawhiya, nyuma ya stesheni." Akashusha sauti. "Ni dada yangu. Miaka minne hatusemezani, ana kinu cha shaba cha marehemu mama na hataki kukitoa. Ni mchezo kweli, eti? Maana halwa yangu huyo hataionja mpaka anizike."

"Mchezo mtupu, Hajati."

Akatuma. Herufi za dhahabu zikateleza: *Ahsante, Hajati Tafida.* Mama wa watu akaweka mkono kifuani.

"Loo! Jina langu!"

"Unataka lije tena?" Inas akauliza kwa sauti ya asali. "Bonyeza huo mshale wa mviringo hapo juu."

Wagdi aliinua kichwa kama mtu aliyesikia glasi ikivunjika chumba cha pili.

"Inaniuliza kama nitume tena," Hajati akasema.

"Ikubalie."

Akakubali. Jina likaja. Akabonyeza mara nyingine, likaja tena, naye akacheka kama msichana. Inas akainuka, akaigeuza kompyuta yake upande wa Lutfi. Kwenye orodha palikuwa na maagizo matatu yaliyofanana kama mapacha.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Lutfi akasema.

"Umewahi kwenda ofisi ya vitambulisho?" Inas akasema. "Karani mmoja anapokea fomu yako, anaingia nayo ndani mwenyewe, anarudi na jibu. Wewe hujabanduka dirishani. Ukiambiwa 'rudia ulichofanya sasa hivi,' utafanya nini? Utampa fomu nyingine. Hiyo ndiyo ya Wagdi. Karani mwingine anapokea fomu, halafu anakwambia 'majibu yako dirisha la saba.' Unakwenda kwa miguu yako. Ukiambiwa urudie, utauliza tu dirisha la saba: majibu yangu yako wapi? Fomu huna tena."

"Na la saba halijui jina lako," Wagdi akanung'unika.

"Unapewa namba mkononi, Wagdi. Dirisha la saba linatazama namba kwenye daftari, linalikuta jina. Juzi niliisahau namba. Wewe umesahau watu."

Wagdi akawa mwekundu mpaka masikioni. Wakakubaliana irekebishwe kesho yake. Inas alishuka ngazi jioni ile akipiga mluzi.

Asichokijua ni kwamba Lutfi, kwa ule utamu wake wa kutaka kumfurahisha mteja, alikuwa ameiunganisha mashine ya jikoni alasiri ileile, ikachapa yote yaliyokuwa kwenye orodha, naye akasahau kusema. Asichokijua cha pili ni kwamba Hajati Tafida alirudi nyumbani na simu yake, na kila mgeni aliyeingia, kuanzia mkwe hadi muuza maziwa, alionyeshwa jina la dhahabu. Na kila alipoulizwa kama atume tena, alikubali, kama alivyofundishwa.

Jumanne, kabla hajamaliza hata chai, Inas alifungua orodha akaona maagizo kumi na manne. Yote kwa Rawhiya, nyuma ya stesheni. Yote yamewekewa alama: *yamefika.*

Akaisukuma chai kando. Akampigia mpishi mkuu wa Hajati, mzee Shehata.

"Baba Shehata, vile visanduku..."

"Vimekwenda alfajiri kwa toroli, mwanangu. Kumi na vinne. Hajati alisema kinachotoka kwenye ile mashine pika, peleka, usiulize. Sikuuliza."

Inas alikimbia. Mchezo wake ulikuwa wa kumwaibisha Wagdi mbele ya watu watatu. Hakuwa amekusudia kumvunjia mjane kiapo chake kwa kilo za ufuta. Njiani alitunga uongo wa aina nne, akaukataa mmoja mmoja. Alipoingia dukani alikuwa amebaki na ukweli tu, na ukweli haukuwa na mvuto wowote.

Alikuta mwanamke mnene katikati ya duka, kamkumbatia Hajati Tafida, analia kwa sauti. Juu ya kaunta, kati ya sinia za malban, halwa laini ya wanga, kimewekwa kinu cha shaba.

"Kumi na vinne!" Rawhiya alikuwa akisema kwa kwikwi. "Kimoja ningekirudisha, wallahi ningekirusha barabarani. Viwili ningesema ananidhihaki. Lakini kumi na vinne, Tafida! Moyo gani huu! Na mimi nimekukalia na kinu, mbaya mimi!"

Juu ya bega la dada yake, macho ya Hajati yalikutana na ya Inas. Yalikuwa makubwa kama visahani.

Baadaye, Rawhiya alipokwenda kunawa uso, Inas alisema yote: mshale, orodha, Wagdi, kosa lake. Hajati alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika sikio, akalivuta taratibu.

"Ukifungua mdomo mbele yake nitakukaanga pamoja na dengu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Hajati."

"Na hicho kidude kinachotuma mara nyingi... hakiwezi kubaki? Nina shemeji huko Mahalla naye hatusemezani."

"Hakiwezi, Hajati. Watu watakuja juu."

"Haya." Akaliachia sikio. "Basi kirekebishe. Shemeji mwenyewe hata halwa hapendi."

Saa tisa alasiri programu mpya ilikuwa tayari. Waliiandika pamoja, Wagdi akiketi kwenye kibodi na Inas akisimama nyuma, safari hii bila taamiya: agizo likipokelewa, simu inaelekezwa kwenye ukurasa wa shukrani ikiwa na namba ya agizo, na jina linasomwa kwenye orodha. Wakaupakia upya ukurasa mara arobaini. Agizo likabaki moja.

Lutfi alipoambiwa ukweli wote, pamoja na ule uliomhusu yeye na mashine ya jikoni, alijikuna kisogo. Kisha akamhukumu Inas: siku zote nane za maulidi atasimama dukani kwa Hajati, akiwasaidia wateja kuagiza kwa simu. Hajati akamwongezea aproni.

Umati ulifurika. Inas aliwashikia simu wakulima, bibi harusi, na kasisi mmoja kutoka Zifta aliyeagiza visanduku sita na kweli alivitaka sita. Nyuma yake, kwenye viti viwili vya plastiki, Tafida na Rawhiya walibishana tangu asubuhi hadi magharibi kama mama yao alikuwa akitia maji ya waridi kwenye malban au hakutia, wakiitana mwongo na mpumbavu, wakinywa chai kwenye birika moja.

Siku ya tano Wagdi alijipenyeza hadi kwenye kaunta. Ngoma za zikri zilikuwa zikinguruma barabarani. Aliinama, akasema kitu bila kumtazama usoni.

"Sijasikia," Inas akasema, mkono sikioni.

"Nasema ulikuwa sahihi!"

"Kelele, Wagdi! Nani?"

"Wewe! Ulikuwa sahihi!"

Wateja watatu wakageuka. Inas akamtazama kwa macho yale yaliyomdanganya mwalimu wa hesabu, akamwinamia karibu zaidi.

"Samahani, mara ya mwisho. Nilikuwa nini?"

Wagdi akachukua kipande cha halwa kwenye sinia bila kuomba, akageuka, akapotea kwenye umati akitafuna.