Degedege kwenye Biblia ya Bibi

Saa nne asubuhi, foleni ya kliniki ya watoto hapa Kibamba imeshapungua. Muuguzi Genoveva anafuta mizani, anavuta kiti na kumkaribisha mgeni asiye na mtoto mgongoni. Ni Loveness, mwalimu wa shule ya msingi, amekumbatia Biblia ya bibi yake. Nyuma yake yupo Eliaichi, shangazi wa mchumba wake, uso kama aliyelamba ndimu.

Genoveva ameshazoea. Watu humletea vifo vya ukoo awafafanulie, kama wanavyomletea watoto awapime: safura, kichomi, ndui. Naye hachoki, maana uvumi wa maradhi huvunja nyumba kabla haijajengwa.

Huu wa leo unataka kuvunja ndoa. Ndani ya jalada la Biblia, bibi aliandika majina ya wanawe watatu waliofariki, tarehe za kuzaliwa na kufa, na kando ya kila jina neno degedege. Wakwe walipokuja kuulizia ukoo, Loveness aliwaonyesha mwenyewe, kwa moyo mweupe.

"Sie hatuoi kwenye kifafa," anasema Eliaichi.

"Shikamoo, shangazi. Hebu tuulize kwanza, walikuwa wakubwa kiasi gani? Na ilikuwa majira gani?"

Loveness anasoma tarehe na kukumbuka alichosimuliwa na bibi. Wote walikuwa hawajafika miaka mitano, wote walifariki masika, baada ya familia kushuka kutoka milimani kwenda kulima mpunga bondeni.

"Basi hiyo ni malaria," anasema Genoveva. "Homa ikizidi, mtoto anakakamaa. Hairithiwi. Na hata kingekuwa kifafa, kina dawa, watu wanaoa na wanazaa."

Jambo hili linamuuma. Mdogo wake, Didas, alikwenda hivyo hivyo. "Mama alimfukiza kinyesi cha tembo. Tuliambiwa sindano itamuua," anasema. Ndiyo maana alisomea uuguzi.

 Eliaichi anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hata kwetu yupo aliyekufa hivyo utotoni. Kaka yangu Isack. Tukamsingizia jirani uchawi, na jirani huyo hatujamsalimia mpaka leo." Anamgeukia Loveness. "Mwanangu, mwambie baba yako tunakuja Jumamosi. Posa iko palepale."

Loveness anacheka na kulia kwa pamoja.

Genoveva anastaafu mwakani. Anapanga kuzunguka kwenye jumuiya za kanisa na vikundi vya kuweka akiba vya vikoba, awaeleze watu wazee wao walikufa kwa maradhi gani. Ila harusi hii kwanza.

"Zawadi yangu naitaja kabisa, msije mkashangaa ukumbini," anasema. "Vyandarua viwili. Kikubwa chenu, na kidogo cha atakayekuja."