Mvumo Katika Sebule ya Hakosei

Kwanza jambo moja liwekwe sawa kabla halijaota mizizi: marehemu Hakosei hakuiba umeme. Hakuiba siku moja, hakuiba saa moja. Waliosema alikuwa na waya wa pili unaokwepa mita walisema bila kuinama kuutazama, na aliyeanza kulisema alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mkono kiunoni, hata miwani hakuvaa.

Waya ulikuwepo. Hilo halikanushwi. Jumanne asubuhi mafundi bomba walikuwa wanachimba mtaro kando ya nyumba ili kupitisha bomba jipya la maji, sululu ikanasa waya wa shaba wenye ganda la kijani, unatoka chini ya ukuta wa sebule na kupotelea kwenye bustani ya maua. Fundi mmoja akauliza kwa sauti, "Na huu wa nini tena?" Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshampatia jibu.

Hakosei alikuwa fundi umeme, na nusu ya nyumba za mtaa ule ziliwashwa kwa mikono yake. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa akimaliza kazi anabonyeza swichi mara moja, taa inawaka, naye anaondoka bila kugeuka nyuma. Alilipenda mpaka akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye sanduku lake la vifaa. Tangu afariki, miaka miwili sasa, mjane wake alilitunza sanduku hilo juu ya kabati na kulipangusa kila Jumamosi. Mjane mwenyewe mtaani aliitwa Mwalimu, kwa kuwa alifundisha fizikia miaka thelathini, na hakuwahi kuonekana barabarani na nguo isiyopigwa pasi. Fundi umeme akizikwa na sifa, kisha aitwe mwizi wa umeme, hata zile taa alizowasha zinageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Alasiri hiyo Bi Taarifa, yule jirani wa ng'ambo, aliegemea geti.

"Mwalimu, pole na mambo."

"Mambo gani?"

"Haya yanayosemwa. Mimi sisemi kitu, mwenzangu. Nakuletea tu wanavyosema."

"Wanasemaje?"

"Kwamba ndiyo maana redio yenu inanguruma siku zote. Eti umeme wa wizi hautulii."

"Umeme hauna dhamiri, jirani," Mwalimu akamjibu. "Njoo keshokutwa saa nne asubuhi, na hao wanaosema uje nao. Nitawaonyesha waya unapoanzia na unapoishia."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyokuwa akitangazia matokeo ya mtihani. Lakini alipofunga mlango alibaki ameshika kitasa. Hakujua waya ule unaanzia wapi wala unaishia wapi. Mumewe hakuwahi kumtajia.

Kuhusu redio, Bi Taarifa hakuzua. Sebuleni kulikuwa na amplifaya nzito, deki ya kanda, mashine ya kuchezea santuri na spika mbili za mbao zinazomfikia mtu kiunoni. Kwa miaka minane vyombo hivyo vilikuwa na mvumo, mmmm, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Muziki ukipanda unaufunika, ukishuka unausikia. Hakosei alishatoa hukumu tangu zamani: ni cherehani ya umeme ya dada yake, aliyeishi nao chumba cha mbele na kushona nguo za watu. Kila Jumapili alasiri kaka akitaka kusikiliza santuri, dada alitakiwa kusimamisha kazi. Mwishowe cherehani ilihamishiwa stoo ya nyuma, penye dirisha la ukubwa wa daftari. Aliyepeleka ujumbe huo alikuwa Mwalimu. "Wifi, kaka yako anasikiliza." Wifi alihama bila kusema neno, jambo ambalo kwa wifi yule lilikuwa zito kuliko matusi.

Jumatano asubuhi Mwalimu alivaa miwani, akapanda kiti, akashusha sanduku lenye maandishi mekundu. Hakuwahi kulifungua. Ndani ya nyumba ile, mke alijua nadharia na mume alijua nyaya, na kila mmoja alimwachia mwenzake eneo lake. Alitoa bisibisi, akapiga magoti mbele ya amplifaya, akaiwasha.

Wifi akatokea mlangoni, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Heh. Leo fundi ni wewe?"

"Nenda kashone."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nenda stoo, washa cherehani, ushone. Nataka kusikiliza."

Wifi akaenda. Cherehani ikalia huko nyuma. Mvumo ulikuwepo. "Simama!" Cherehani ikanyamaza. Mvumo ulikuwepo vile vile, haukupungua hata punje. "Shona tena!" Vile vile. Walirudia mara sita, maana Mwalimu hakuwahi kukubali jibu la jaribio moja.

Wifi alirudi mwenyewe bila kuitwa. "Enhe? Ni mimi?"

"Si wewe."

"Rudia, wifi. Sikio hili lina nta."

"Nimesema si cherehani. Kama huna kazi, kazime friji."

Friji ikazimwa, mvumo haukujali. Mwalimu akachomoa kila kitu ukutani, akaanza upya. Alirudisha amplifaya na spika peke yake: kimya. Akaongeza deki ya kanda: kimya. Akaunganisha ule waya wa sauti unaotoka kwenye mashine ya santuri: mmmm. Hapo aliinua kichwa, kwa sababu plagi ya mashine hiyo ilikuwa bado sakafuni, mbali na soketi.

"Haina umeme," akasema polepole, "na bado inavuma."

"Basi ina mashetani," wifi akasema. "Kaka yangu angesema ni ya kwangu."

"Ina njia nyingine. Nisaidie kuvuta kabati."

Walilivuta kwa pamoja, likaacha alama mbili sakafuni. Nyuma ya mashine ya santuri, kwenye skrubu ndogo chini ya mgongo wake, kulikuwa na waya wa shaba wenye ganda la kijani. Uliteremka ukutani, ukaingia kwenye tundu lililozibwa vizuri kwa saruji, kazi ya mtu anayejua kuziba.

Mwalimu alikaa sakafuni. Alikuwa ameshaelewa. Amplifaya ilikuwa na waya wake wa athi, ule unaopeleka umeme uliopotea ardhini, kupitia plagi na soketi. Marehemu, akitaka sauti safi zaidi, alikuwa ameipa mashine ya santuri athi yake ya pili, ya peke yake, bustanini. Ardhi mbili hazilingani kamwe. Waya wa sauti ukawa daraja kati ya athi hizo mbili, umeme mdogo ukawa unazunguka humo bila kupumzika, na spika zikawa zinautangaza. Alikuwa ameuchora mzunguko wa namna hiyo ubaoni kila mwaka, miaka thelathini, na mwingine ulikuwa unavuma hatua tatu kutoka kwenye kiti chake.

Alifungua skrubu. Waya wa kijani ukaangukia ukutani.

"Wifi?" akaita dada wa marehemu kwa sauti ndogo.

"Nasikia."

"Mbona hakuna kitu?"

"Ndicho ninachokisikia."

Wifi ndiye aliyewahi kulifikia la kesho. "Wakija wakikuuliza nani aliuweka, waambie aliyetuuzia nyumba. Amehama, hawezi kuulizwa. Kaka abaki na jina lake."

Mwalimu alimtazama. Huyu ndiye aliyeshona gizani kwa kosa lisilo lake, na ndiye anayetaka kulificha.

"Nikiwadanganya nani aliuweka," akasema, "hawataniamini nikisema hakuiba. Lazima nichague moja."

Alhamisi saa nne Bi Taarifa alifika na watu watano, mmoja wao mzee aliyestaafu kazi kwenye kampuni ya umeme, ana testa yake ya kupimia umeme mfukoni. Mwalimu aliwaingiza sebuleni, akawaonyesha tundu. Akamwomba mzee auvute waya, na waliotoka kusimama mtaroni wakauona unatikisika. Kisha wote wakatoka nje, wifi akashika jembe. Hakuchimba hata hatua mbili ndani ya maua: likagonga chuma. Fimbo ya athi, imesimama wima ardhini, waya umefungwa kichwani kwa nati mbili. Baada ya hapo hakukuwa na waya.

Mzee alipiga magoti, akapima, akajifuta mikono. "Hii ni athi. Hapa hakuna kilichoibwa. Anayesema vinginevyo aje aseme mbele yangu."

Bi Taarifa hakuwa mtu wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

"Sasa kama ni athi tu, mbona umeuchomoa?"

"Haukutakiwa kuwepo. Ndio uliokuwa unaleta mvumo."

"Nani aliuweka?"

Wifi akakohoa. Mwalimu hakugeuka.

"Mume wangu."

"Hakosei?"

"Alikosea," Mwalimu akasema. "Waya mmoja, tena kwa kutaka kazi iwe nzuri. Hakuiba."

Hakuna aliyecheka. Mzee alivua kofia, akawaongoza wenzake nje ya geti.

Bi Taarifa alichelewa kwenye ngazi za mlango wa mbele, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Chumba cha mbele, chini ya dirisha kubwa, palikuwa na cherehani ya umeme, na Mwalimu alikuwa amerudi ndani na sasa anakisogeza kiti cha wifi yake mahali penye mwanga, anakipangusa kwa kitambaa kile kile cha kupangusia sanduku. Santuri ilikuwa inazunguka. Cherehani ikaanza kulia, na hakuna aliyeinyamazisha.

"Mwalimu, kumbe hii cherehani ndiyo ile iliyohamishwa? Ilihamishwa kwa nini hasa? Maana tulisikia wewe ndiye..."

"Ulikuja kuuliza waya," Mwalimu akasema, mkono kwenye mlango. "Waya umeuona."

"Basi niambie hilo moja tu, nisije nikasikia vibaya."

"Hapana."

Na hapana hiyo haijabadilika mpaka leo.