Biskuti Saba za Laini ya Nne

Siku ile mashine ya kupanga biskuti ililetwa pale kazini kwetu Migori, mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuja kwa lori, imefunikwa turubai kama maiti ya mtu mkubwa, na wanaume wakaisukuma ndani ikilia kama ng'ombe amekwama kwa matope. Nikawaambia wenzangu, haya wamama, leo tumeolewa na chuma.

Sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nitaeleza tu vile niliona.

Zamani biskuti ikitoka kwa ofeni ilikuwa inamwagwa kwa meza ndefu ya bati. Sisi wamama tunasimama huku na huku, tunapanga kwa mkono. Nane nane. Unazisimamisha kwa upande, zinabanana kama watu kwa benchi ya kanisa, halafu unasukumia mwenye kufunga karatasi. Kazi ni hiyo kutoka asubuhi. Mkono unajua nane yenyewe, hata kama mdomo uko mbali unasema watu. Na mdomo yangu ilikuwa mbali sana siku nyingi.

Kwa hiyo meza tulikuwa watatu wa boma moja. Mimi ndio mikayi, bibi ya kwanza. Halafu nyieka, mke mwenzangu yule mdogo. Bwana yetu alishakufa, tukabaki mimi na yeye tumepanga nyumba moja hapa Migori, tunagombana juu ya chumvi mchana na jioni tunakula sahani moja. Wa tatu alikuwa msichana wake. Huyo mtoto nilimbeba kwa mgongo huu huu. Alikuwa anasimama wa nne kwa meza, na alikuwa na tabia yake: biskuti ya nane anaigeuza, ile uso ya maua inaangalia ndani, ndio mwenye kufunga ajue mwisho ni hapo. Hakuna mwingine alikuwa anafanya hivyo. Tulimwambia anatuchelewesha. Akasema, "Mama mkubwa, hata nyumba huwa inafungwa mlango." Akaendelea kugeuza.

Aliugua kifua wakati ya mvua, akatutoka. Alikuwa hajaolewa.

Sasa kwetu, upande wa Mbita, pale ukisimama nyuma ya nyumba unaona kisiwa cha Takawiri kule majini, msichana mkubwa ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma. Anazikwa nje ya ua. Boma ya baba si yake, na ya bwana hakupata. Siku hizi watu wengi wa kanisa wameacha hiyo mambo. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye anasema kwa boma sasa, alikuwa tayari kuacha pia. Mimi ndio nilikataa. Nilisimama mbele ya watu nikasema mila ni mila, mtoto aende nje, tusije tukaletea wengine shida. Na wakanisikia, kwa sababu mimi ndio mkubwa. Nyieka alichota mchanga ya kutupa kaburini, akaishika tu kwa mkono. Hakuitupa. Alirudi nayo mpaka ndani ya nyumba.

Mashine ilikuja kama mwezi moja baada ya hapo.

Acha niwaambie, hiyo kitu ni maajabu. Biskuti inapanda belti ikiwa moto, inatembea polepole ikipoa, ndefu kama kutoka mlangoni mpaka barabarani. Halafu inafika mahali kuna vibao vya chuma, zinagawanywa laini nne, na hapo zinasimama zenyewe, hakuna mtu ameshika. Juu ya kila laini kuna jicho dogo jekundu. Hilo jicho linahesabu. Ikifika nane, kijimkono cha chuma kinashuka, tak, kinakata, kinasukuma hizo nane mbele. Zinapita mbele ya mama mmoja anayetoa zilizovunjika na kuweka nzima mahali pake, zinaenda kwa karatasi, zinafungwa, zinapita juu ya mizani. Pakiti ikiwa nyepesi, mizani inaitupa kwa ndoo.

Wengine wakapelekwa upande wa mkate. Mimi nikawekwa kwa mizani, kuangalia ndoo. Nyieka akawekwa pale pa kutoa zilizovunjika.

Wiki mbili ikaenda vizuri. Halafu asubuhi moja, saa nne hivi, mizani ikatupa pakiti. Nikafungua. Saba. Ikatupa nyingine. Saba. Zote za laini ya nne, kwa sababu kila laini ina alama yake kwa karatasi. Zilikuwa pakiti nane, halafu ikaacha. Kesho yake, saa nne, tena nane, halafu kimya. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Fundi akatoka Kisumu. Akafungua lile jicho, akapanguza, akapitisha biskuti mara nyingi sana. Nane, nane, nane. Akaniita nyanya kwa Kijaluo, "Dani, hii mashine inahesabu kuliko karani." Akanywa soda, akaenda. Asubuhi yake, saa nne, saba.

Hapo maneno ikaanza. Vijana wa ofeni wakasema hiyo mashine ilikula mtu kule ilitoka, imekuja na mtu wake ndani. Nikawacheka. Nikawaambia kama ni kula, ingeanza na wao, wamenona. Lakini kuna kitu ilinikata kicheko. Saa ya chai mashine huwa inazimwa kabisa, mpaka swichi ya ukuta. Tulikuwa tumekaa na vikombe, kimya, na huko ndani kwa laini ya nne tukasikia kile kijimkono: tak. Mara moja tu. Mama mmoja akamwaga chai kwa mapaja na hata hakusikia moto.

Halafu siku ya Alhamisi, mama mmoja wa kufagia aliinama kuondoa unga chini ya mashine. Akakaa huko chini muda mrefu. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika leso, akanivuta. Chini ya laini ya nne kuna chuma pana, kama rafu. Juu yake kulikuwa na biskuti, nzima, hata moja haijavunjika. Zimesimama kwa upande, nane. Nyuma yake nane zingine. Nyuma tena nane, hivyo hivyo mpaka mwisho. Na kila ya mwisho imegeuzwa, maua inaangalia ndani.

Sisi wa meza ya zamani tukaangaliana. Nikazikusanya kwa apuroni, nikazimwaga kwa pipa ya chakula ya kuku.

Jioni hiyo mwenye kiwanda akatuita. Ni Mwislamu wa pwani, amekaa Migori mpaka anajua kusalimia watu kwa Kijaluo, mtu wa sauti ya chini. Akasema, "Kina mama, mashine haina tumbo. Mwenye tumbo yumo humu ndani. Jumatatu nikikuta pakiti moja ya saba, nitamtafuta mwenyewe, na nikimpata atakwenda kwao."

Hapo ndio nilihesabu, mimi wa darasa la tatu. Jicho linaona nane. Mizani inaona saba. Kati ya jicho na mizani kuna mtu mmoja tu.

Asubuhi ya Ijumaa, ilipokaribia saa nne, niliacha mizani, nikaenda kusimama karibu na nyieka nikijifanya nafunga leso. Nyieka alikuwa anaangalia biskuti zikipita, macho yametulia, mdomo unatembea kidogo kama mtu anaimba kwa tumbo. Anatoa iliyovunjika hapa, anatoa hapa. Halafu mkono ya kushoto ikaenda. Laini ya nne ndio iko mbali na yeye kabisa, lazima mtu ajinyooshe, na yeye hakujinyoosha, mkono tu ndio ilienda, nikaona kama imekuwa ndefu. Ikachukua biskuti nzima. Ikashuka chini ya mashine. Ikarudi mtupu. Macho yake haikutoka kwa belti hata kidogo. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nilisimama pale mpaka nane, na ya nane nilisikia chini huko ikigeuzwa, kile kisauti kidogo cha biskuti kwa chuma. Hiyo sauti nilikuwa naijua.

Nikarudi kwa mizani yangu, nikangoja.

Saa ya chai nikamvuta nyuma ya stoo ya unga. Nikamwuliza, "Nyieka, unamwekea nani?"

"Kumwekea nani nini?"

"Biskuti."

Akaniangalia vile mtu anaangalia mwenye homa. Akaniuliza kama nimekunywa dawa yangu. Nikashika ule mkono wa kushoto, nikamwonyesha. Kwa kucha kulikuwa na unga wa biskuti, na kwa kidole cha kwanza zile maua zilikuwa zimejichora, ndogo ndogo, vile inakuwa mtu akigeuza biskuti ikiwa bado na joto. Sisi wa meza sote tunajua hiyo alama. Aliangalia hicho kidole muda mrefu. Hakulia. Akasema polepole, "Kumbe ndio maana huu mkono wa kushoto unalala baridi."

Halafu akasema kile alikuwa hajasema tangu mazishi.

"Mikayi, ulimtoa nje. Sasa unashangaa ametafuta mahali ya kusimama."

Mimi ni mtu wa mdomo, kama ingekuwa matusi ningerudisha.

Mwenye kiwanda aliporudi kutoka msikitini nilimfuata kwa ofisi. Nikamwambia ukweli yote, mkono ni wa nyieka na si nyieka, na kama ni kufukuza, anifukuze mimi, kwa sababu hii shida niliifanya mimi. Nilifikiri atacheka. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza huyo mtoto amezikwa wapi, nikamwambia. Akasema kwao pwani pia wapo wafu wanaojua kusubiri. Akanipa mpaka Jumatatu.

Jumamosi mapema tukaenda nyumbani upande wa Mbita, mimi na nyieka. Nilimkuta shemeji anarekebisha nyavu. Nikamwambia nataka mtoto aingie ndani ya boma.

Akatikisa kichwa. "Mtu tukishazika hatufukui. Unajua hiyo kuliko mimi. Wewe ndio ulitupigia kelele hapa."

"Mtu tumezika," nikamwambia. "Lakini ua hatujazika."

Akaniangalia, halafu mabega yake ikaanza kucheka kabla ya mdomo. Akasema huyu mama angekuwa amesoma, angetuuza sote. Lakini alikubali. Lango halikuguswa, hilo halisogezwi na mjane. Tulichofanya ni upande ule wa ziwa: vijana wa boma wakang'oa ile miti ya maziwa tunayopandia ua, wakaipeleka hatua ishirini mbele, ikazunguka kaburi, ikarudi. Kwetu hakuna mtu anapanda kabla ya mkubwa wake, kwa hivyo tawi la kwanza lilikuwa langu. Maziwa yake ikanimwagikia kwa mkono, ikachoma. Nikamwambia yule mtoto, kwa sauti, watu wakisikia, kwamba ni mimi nilikosea, na hapa sasa ni ndani. La pili akapanda nyieka. Alipomaliza akaingia kwa nyumba yake, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ni ule mchanga. Akaufungua juu ya kaburi.

Jumatatu mimi kwa mizani, yeye pale pake, mwenye kiwanda amesimama mlangoni na mikono nyuma. Saa nne ikafika. Niliangalia ule mkono wa kushoto mpaka macho ikauma. Ulilala tu kwa ukingo wa mashine, kama mkono wa mtu yeyote.

Na mizani ikatupa pakiti.

Mwenye kiwanda akatembea mpaka kwa ndoo, akaichukua yeye mwenyewe, akaipasua. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akanipa mimi nihesabu.

Zilikuwa tisa.

Laini ya nne. Mizani huwa inatupa hata pakiti nzito, lakini ilikuwa haijawahi, kwa sababu kile kijimkono hakina nafasi ya kupitisha tisa, hata fundi alisema hivyo baadaye kwa simu, akafikiri tunamchezea. Zikaja pakiti zingine za tisa, na kwa kila moja ile ya mwisho ilikuwa imegeuzwa. Vijana wa ofeni walikuwa wamerudi nyuma mpaka kwa ukuta. Mwenye kiwanda alikuwa anasema dua kwa midomo tu.

Nyieka akaacha mahali pake, akaja kwa ndoo, akaangalia. Akachagua ile biskuti iliyogeuzwa, akaipuliza unga.

"Huyu mtoto," akasema. "Hajawahi kukaa na kitu ya watu bila kurudisha."

Akaila yote, amesimama, bila haraka. Halafu akajipanguza mdomo na leso, akarudi pale pake kwa laini, na mwenye kiwanda akamwachia njia apite.