Mlango wa Mashine ya Ndani

Kompyuta yangu ya kwanza iliuawa na radi, mchana kweupe, mbele ya macho yangu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaïre, nami nilikuwa katika chumba chetu cha kazi mjini Bukavu, nikiingiza takwimu za mvua ya Luvungi, Nyangezi na Nyantende, wakati kilima kizima kilipong'aa na kisanduku kikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya kandambili iliyoungua. Stabilisateur, kile kifaa tulichokiweka ili kitukinge na ukorofi wa umeme, hakikupata hata mkwaruzo; taa yake ya kijani iliendelea kuwaka kwa amani. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo nilikuwa nikishtuka hata mtu akifungua chupa ya soda.

Takwimu zenyewe zilinusurika, kwa kuwa nilikuwa nimezinakili kwenye disketi. Kilichokufa ni mashine pekee iliyoweza kuendesha programu ya kuzikokotoa. Programu hiyo aliiandika msimamizi wa thesis yangu, profesa mwenye umri mkubwa, enzi za ujana wake, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi wanafunzi. Naye alikuwa anaondoka Ijumaa ya juma lililofuata kwenda Ulaya kwa mwaka mzima.

«Majedwali yako yakinifikia kabla ya ndege, nitatia saini na utatetea thesis yako msimu huu,» aliniambia. «Yasiponifikia, tutaonana nikirudi.»

Mwaka mzima. Niliondoka kwake nikijiuliza kama alisema «nikirudi» kwa sauti ya mtu anayekusudia kurudi.

Parokia moja ilitupatia kompyuta mpya zaidi. Maman yangu, alipoiona, aliihurumia kwa sababu ya vumbi, akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa krosheti, kama alivyoifunika redio na kabati la vyombo. Pindo lake lilining'inia mbele kwa adabu. Kwa bahati mbaya kompyuta hiyo ilikuwa ya aina nyingine, na programu ya profesa iliikataa kama mgonjwa anavyokataa uji.

Ndipo rafiki mmoja aliyetokea Bujumbura akaniletea dawa: programu inayoigiza mashine. Ukiiwasha, ndani ya kompyuta mpya hutokea kompyuta ya zamani isiyokuwepo. Kumbukumbu yake ni ya kuigiza, kibodi ya kuigiza, kioo cha kuigiza, nayo haijui. Huamka kama mashine yoyote, kwa kutumia ile programu ya kwanza kabisa ambayo kwa kawaida huchomwa ndani ya chipu kiwandani, na ambayo kazi yake ni kuiamsha mashine, kukagua viungo vyake kimoja kimoja, kisha kuitafuta disketi ya kuanzia kazi.

Niliinua pindo la kitambaa cha maman, nikatia disketi ya profesa, nikakigeuza kilango kidogo kinachofunga kisomeo cha disketi, nikashusha pindo. Ilikuwa Jumatatu, siku nne kabla ya safari ya profesa. Nikaiwasha mashine ya ndani. Kioo chake kikabaki cheusi.

Kulikuwa na njia moja tu ya kujua yaliyoipata. Kila jambo ambalo ile programu ya kuamsha ililisema huko ndani liliandikwa huku nje, upande wa kompyuta iliyoibeba, katika faili tuliloliita journal. Mashine ya ndani ilikuwa kama mtu anayejisemea peke yake chumbani, nami nilikuwa nimetega sikio ukutani. Nikasoma: kumbukumbu ni nzima, kibodi ni nzima, saa inatembea. Kisha ukaja mstari wa mwisho, kwa Kiingereza, uliosema kwamba kisomeo cha disketi hakiko tayari na kwamba mlango uangaliwe. Mstari huo ulijirudia hadi chini ya ukurasa.

Mtu mwingine angeutazama mlango. Mimi nilifikiri.

Hoja yangu, naikumbuka bado, ilijengeka vizuri sana. Mashine ya ndani ni ya kuigiza. Kila kiungo chake ni cha kuigiza. Kwa hiyo mlango inaoulalamikia ni wa kuigiza, na mlango wa kuigiza haufungwi kwa kidole bali kwa kusahihisha kosa mahali fulani katika kumbukumbu. Kuhusu disketi ya kweli sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa niliitia mwenyewe, na jambo lililofanywa kwa usahihi sikuona sababu ya kulifanya tena. Basi nikaanza kuutafuta ule mlango usiokuwepo. Nilichora michoro ya kumbukumbu kwenye migongo ya ramani za Nyangezi. Nilibadilisha mpangilio mmoja, nikasoma journal. Nikabadilisha mwingine, nikasoma tena. Jibu lilikuwa lile lile, na uvumilivu wa mashine ulianza kunitia aibu.

Mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa akiandika thesis juu ya magonjwa ya mihogo, aliifuatilia hali kwa furaha.

«Mon cher, mugonjwa yako ameamuka?»

«Ameamka. Anasema mlango.»

«Tangu Lundi anasema mulango! Umupatie ufunguo basi.»

«Ni mlango wa kuigiza.»

«Ah bon. Basi umupatie ufunguo ya kuigiza.»

Alhamisi alasiri nilikuwa nimefikia uamuzi. Nilianza kumwandikia profesa maelezo rasmi kwa nini majedwali hayatapatikana, na nilikuwa ninatafuta neno la Kifaransa lenye heshima ya kutosha kwa kushindwa, maman alipoingia bila kubisha hodi, na kikapu mkononi.

«Papa,» alisema, kwa maana ndivyo mama wengi wa kwetu wanavyomwita mtoto wao wa kiume, «ile kitambaa yangu iko wapi?»

«Iko kwenye mashine, maman.»

«Nipatie. Kesho bakwe ba dada yako banakuya, na meza iko uchi.»

«Maman, kuna kazi inaendelea.»

Alikitazama kioo, ambako journal ilikuwa wazi, mstari ule ule ukijipanga chini ya mwenzake.

«Kazi gani? Inasema neno moja tu.»

«Inasema kuna mlango haukufungwa.»

«Na miye ninasema kuko meza haikufunikwa. Toa.»

Nikakishika kitambaa na kukivuta. Kikagoma. Nikavuta kwa nguvu, kwa hasira ya mtu ambaye hata vitambaa havimtii, na pale mbele uzi ukakatika. Pindo lilikuwa limebanwa ndani ya kile kilango cha kisomeo, tangu siku niliyokigeuza, kikashindwa kufika mwisho wake. Kilipoachiwa, kilitoa mlio mdogo: tak.

Kwenye kioo, journal iliandika mstari mpya.

Kisha mwingine. Kisomeo kiko tayari. Disketi imeonekana. Inasomwa. Niliketi polepole. Nikakumbuka, kwa kuchelewa, sentensi katika maelezo ya rafiki yangu iliyosema kwamba vyote ni vya kuigiza isipokuwa kisomeo cha disketi, ambacho mashine ya ndani hukiazima kama kilivyo. Kitu kimoja tu kilikuwa cha kweli, na ndicho nilichokwenda kukitafuta katika ulimwengu wa mawazo. Kioo cheusi kikapata uhai, na programu ya profesa ikatoa salamu aliyoipachika humo tangu ujana wake: «Habari. Umefikiri vizuri?»

Mwenzangu alilala juu ya karatasi zake za mihogo kwa kicheko.

«Umenipasulia pindo,» maman alisema, akiligeuza mbele ya dirisha. «Hapa. Ona.»

«Nitakununulia uzi, maman.»

«Uzi ninayo. Macho ndiyo huna.»

Printa ililia hadi jioni. Ijumaa asubuhi nilimkuta profesa nyumbani kwake, masanduku yakiwa mlangoni na dereva akitazama saa. Alisoma majedwali akiwa amesimama, yale ya Nyantende mara mbili, akayatafuta makosa kwa ncha ya kalamu bila kuyapata, kisha akayalaza juu ya ukuta wa baraza na kutia saini.

«Nasikia mashine yako ya kuigiza ilikuwa na tatizo. Lilikuwa nini?»

«Mlango, Profesa.»

«Wa kweli au wa kuigiza?»

«Wa kweli.»

«Una bahati,» alisema akiingia garini. «Ule mwingine ungekuchukua mwaka.»

Mchana wakwe wa dada yangu walifika. Maman alikuwa amekitandika kitambaa mezani, upande uliopasuka ukielekea ukutani, na juu yake akaweka birika ili pasiwe na atakayekigeuza. Mimi niliketi karibu kabisa na birika hilo, karatasi yenye saini mfukoni, nikilinda ile kona. Mkwe mmoja alipolinyooshea birika mkono, nilisimama haraka kuliko adabu inavyoruhusu, nikamimina chai mimi mwenyewe.