Pumzi ya Ubatizo

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa kisiwani, na mimi nilikaa miezi saba bila kumwona kwa sababu ya woga. Nasema woga waziwazi kwa kuwa wakati ule nilisingizia mambo mengine. Binti yangu ni muuguzi katika zahanati ya huko, na kila alipopiga simu nilimwambia wanafunzi wamenijaa dukani, kila mmoja anataka utafiti wake uchapwe na kujalidiwa leo hii. Duka langu la kuchapisha liko Wandegeya, Kampala, kwa hiyo uongo huo ulikuwa na ukweli ndani yake na ulitoka mdomoni vizuri. Lakini kufika kisiwani lazima upande boti bandarini Port Bell uvuke ziwa, na mimi, Mkenya wa milimani, sikuwa nimeingia kwenye maji yanayovuka magoti tangu siku niliyobatizwa.

Kwetu mtoto mchanga huogeshwa na bibi yake. Kazi hiyo ni ya bibi mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe na kuanza kulikataa beseni.

"Mama, ashaanza kukaa," binti yangu aliniambia siku moja. "Ama unangoja atembee aje kukuchukua?"

Alicheka, lakini nilimsikia. Nilipokata simu niligundua nimeshika karatasi za mteja juu chini.

Wiki hiyo hiyo aliingia dukani mwanamke mmoja Mkongomani, mdogo wangu kwa miaka mingi, akataka nimchapie matangazo: anafundisha watu wazima kuogelea katika bwawa la hoteli ndogo, Luzira. Nilimchapia yote, nikabaki na moja. Nilijiapia kwamba nikivuka bwawa lile kwa urefu, nikiogelea kama watu, nitapanda boti. Nisipoweza, mtoto atalikataa beseni sijamwogesha hata mara moja, na sitakuwa na wa kumlaumu. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Nilijifunza kupiga miguu nimeshika kibao cha povu. Nilijifunza kurusha mkono mmoja baada ya mwingine. Kwenye maji mafupi nilikuwa mwanafunzi mzuri hata nikaanza kujisikia. Taabu ilikuwa uso. Kila nilipouzamisha nilikaza mdomo, nikafumba macho nyuma ya miwani ya kuogelea, nikaenda mikono mitatu minne, kisha nikasimama ghafla nikihema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Usiku wa kuamkia somo nilikuwa naharisha. Asubuhi naomba mvua inyeshe, na Kampala, ambayo hunyesha usipotaka, ikawa inatoa jua tu.

Wiki ya tano mwalimu alinisimamisha.

"Mama, juu ya nini unafunga pumuzi? Toa mu mayi. Puliza."

"Nikipuliza nitabaki na nini?"

"Weye unaogelea sawa vile mutu anabatizwa. Kule kuko pasta ya kukuinua. Hapa hakuna mutu. Geuza kichwa weye mwenyewe."

Niliudhika. Mtoto wa juzi ananisemea ubatizo wangu! Nilitoka majini nikajifunga taulo, nikaketi kando nimenuna, na hapo ndipo mto niliobatiziwa ukanirudia.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mchungaji alinifunika pua kwa kitambaa, akaniambia nifumbe macho, nishike pumzi na nisifanye lolote. Yeye atanizamisha na yeye ataniinua. Akina mama walikuwa wanaimba ukingoni. Aliponilaza, mguu wake uliteleza kwenye jiwe tukaenda chini wote wawili. Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka niliendelea kutii. Macho nimefumba, mikono nimekunja kifuani, nangoja kuinuliwa huku kifua kikitaka kupasuka. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyeniburuta kwa kola ya kanzu. Watu walicheka baadaye, wakasema ubatizo wangu umeingia hadi kwenye mifupa, na mimi nilicheka nao.

Basi miaka yote hiyo nilikuwa bado natii. Mwalimu alikuwa ananishika tumboni kwa kiganja kimoja, na mimi nilikuwa nangoja kiganja hicho kinitoe. Nilirudi majini.

Siku ya kuvuka alisema mapema kabisa, "Leo mukono yangu haiko." Akatembea kando ya bwawa na mimi nikaanza. Nusu ya kwanza niliiona sakafu, vigae vyeupe, nikavihesabu. Kisha vigae vikashuka ghafla na rangi ya maji ikawa nzito, na hofu ikanishika miguu yote miwili. Macho yalijifumba yenyewe. Mdomo ukajikaza. Nikangoja. Naapa niliusikia wimbo wa wale akina mama, na nikangoja mkono. Hakuna aliyekuja. Nikapuliza kwa nguvu, kwa hasira kusema kweli, nikageuza kichwa, nikapata nusu hewa nusu maji. Nikapuliza tena. Nilifika upande wa pili nimemeza maji ya kumtosha ng'ombe, nikashika ukingo na sikuuachia mpaka mwalimu alipobandua vidole vyangu kimoja kimoja.

Mtu angedhani woga uliishia hapo. Kwenye boti, Port Bell, nilikaza kamba za jaketi la kujiokolea mpaka mwanamke aliyekaa nami akaniuliza kama naumwa. Bwawa lile lilikuwa mwendo wa hatua thelathini, na kisiwa hata hakionekani kutoka gatini. Tulipopigwa na wimbi la kwanza nilifumba macho nikashika pumzi. Nikajigundua, nikapuliza. Nilipuliza mpaka tukafika.

Binti yangu alikuwa ameshachemsha maji na kuyapoza. Mtoto aliketi wima ndani ya beseni, mnene, anayapiga maji kwa viganja, wala halikatai bado. Nilimpaka sabuni. Mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Kisha nikamlaza chali kumsuuza kichwa, mkono wangu wa kushoto chini ya shingo yake, na maji yalipomgusa masikio akafumba macho, akakaza mdomo, akakunja mikono kifuani, akatulia kabisa.

Nilimwinua mara moja, nikambana kifuani na maji yote.

"Mama, mbona umemtoa na povu bado liko kichwani?" binti yangu aliuliza.

Nikamwambia alete kitambaa, tutalifutia nje ya maji.