Gogo Alilolikalia Atoo

Hadithi ya gogo la Atoo mmeisikia mara kumi, na bado mnataka niiandike kwa mkono huu uliozoea jembe. Haya.

Atoo, au Mama Akech kama uani wanavyomwita, ni mjane wa polisi, anakaa Bwaise, mtaa wa mabondeni Kampala. Mafuriko yalimletea gogo kubwa mpaka mlangoni, likakaa, likaoza. Siku moja alibandua gome akakuta mabuu weupe, wanene kama dole gumba, wamejikunja. Akacheka peke yake. Hakuwa amewaona tangu utoto wake huko Kitgum, kaskazini.

Lakini mkubwa wa usafi pale uani ni Afande Ojera, polisi mstaafu. Siku ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wote wakifagia na kuzibua mifereji, alikuja na mafuta ya taa na kibiriti.

"Mama Akech, ondoka. Hao wadudu watakula nguzo, nyumba zituangukie."

Atoo akakaa juu ya gogo. "Choma basi. Anza na mimi."

"Habari za wadudu umesomea wapi wewe?"

Hapo alimgusa pabaya. Atoo hakumaliza hata darasa la pili, na ua mzima unajua.

"Sikusoma. Lakini hawa nawajua, wanakula kilichooza tu. Lete ubao wa mlango wako tuone!"

Kipande cha ubao kikawekwa upande mmoja wa beseni, unga wa gogo upande wa pili, buu katikati. Mafagio yakanyamaza. Aoko, jirani Mkenya, aliacha chapati ikaungua. Buu akajinyoosha, akageukia uozo, akazama mzima.

"Anaona aibu, watu ni wengi," Ojera akasema.

"Afande," Aoko akapaza sauti, "hata wewe ukiona sahani ya posho hukimbilii matofali!"

Ua ukaangua kicheko. Ojera akakunja uso, akasema atangoja mpaka mvua; nguzo ikiliwa, gogo litachomwa.

Mvua zilipoanza, jioni moja gogo likatoboka. Akatoka mmoja wa wale mabuu, sasa mbawakawa mweusi, anang'aa kama kiatu cha gwaride, na pembe moja kama ya kifaru. Moja kwa moja akapanda suruali ya Ojera. Afande akasimama wima, hapumui.

"Mama Akech, mtoe!"

"Mpigie saluti kwanza."

Na akapiga! Atoo alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi ukiligusa gogo lile, Ojera mwenyewe anakufukuza.

Nimemaliza. Sasa wewe nenda nyuma ya nyumba yako, geuza gogo lililooza, polepole, kisha lirudishe lilivyokuwa. Uje uniambie umekuta nini. Na usije mikono mitupu, sukari yangu imekwisha.