Mama alivyochuma masale ya watu Italia kuokoa shimo la babu Mwika

Wakuu wa jukwaa, hamjambo? Walionizidi umri, shikamooni.

Kila siku nasoma nyuzi zenu za safari, Dubai, China, Sauzi, nabaki nacheka peke yangu. Leo ni zamu yangu. Haya niliyaona kwa macho yangu, na atakayesema nimetia chumvi aje Mwika nimuoneshe shimo lenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kahawa imeshuka bei hadi watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya. Wakati huo huo maduka mjini yanafumuka kila kona, na kaka yangu mkubwa, Deo, ana duka lake la spea za magari pale Njoro.

Deo ni mtu wa kazi. Mdomo hana, ila akikupenda anakujengea.

Basi akaamua kumjengea Mama nyumba ya kisasa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo Mwika. Choo ndani, vigae chini, hakuna ngazi hata moja, maana magoti ya Mama yalikuwa yamekufa. Kanisani wenzake wakipiga magoti yeye anakaa, na hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe.

Tatizo eneo zuri la tambarare lilikuwa moja tu, na katikati yake kuna shimo la babu.

Kwa wasiojua: zamani Wachagga walichimba mahandaki chini ya vihamba vyao, ya kujificha na ng'ombe vita ikija. La kwetu alilichimba babu yake baba na ndugu zake. Mlango mwembamba, unaingia kwa kuinama, na pembeni kuna kijichumba alikokaa mlinzi na rungu. Adui akiingiza kichwa tu, kwisha habari yake.

Mama alikuwa halipendi lile shimo. Ndama wake alitumbukia humo akavunjika mguu. Deo alipomuomba alifukie ili ajenge juu yake, Mama akasema, "Fukia baba, Mungu akubariki." Akampa neno lake mbele yetu sote.

Mimi nilikuwepo. Mtoto wa kike kihambani una sauti gani?

Sasa huku nyuma kulikuwa na Lucia, nesi wa Kiitaliano aliyefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati ya huku mlimani. Mama alimlea kama binti yake, maziwa na ndizi kila wiki. Alipostaafu akarudi kwao, akatukatia tiketi mbili: Mama aende kuoga maji ya moto yanayotoka ardhini, kwao wanasema yanatibu magoti. Mimi niende kama mkalimani, maana nilifanya naye kazi zahanati nikaokota Kiitaliano cha kuombea maji.

Deo akasema nendeni, mkirudi mtakuta msingi umesimama.

Wakuu, Italia!

Lucia anakaa kwenye vilima kaskazini mwa Roma. Siku ya kwanza tu akatupeleka kwenye chemchemi. Mimi nimezoea Chemka ya kwetu, ambayo jina ndiyo inachemka lakini maji ni vuguvugu. Hii ya kwao inafuka moshi kweli kweli! Maji ya bluu yenye maziwa, na harufu ya mayai viza.

Mama akasimama ukingoni akaona wazee, wake kwa waume, wamekaa majini na vinguo vya kufunika kidogo tu.

"Yeleuwi! Lucia, hawa wameibiwa nguo?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Aligoma kabisa. Tukabembeleza weee, mwisho akaingia na kitenge chake chote, rozari shingoni. Baada ya muda namuona kafumba macho. "Msiniite," akasema, "hata Baba Askofu akipita msiniite."

Kesho yake tukaenda kuona magofu ya mabafu ya Warumi. Mama anawajua Warumi wa kwenye Biblia tu, basi akauliza kama Pilato alinawia pale. Lucia akamwambia hapana, Mama akasikitika kidogo. Ila alivyoona mifereji ya mawe iliyoleta maji kutoka mbali akaipigapiga kwa fimbo. "Huu ni mfongo," akasema. "Hawa watu walikuwa na akili." Mfongo ni ule mfereji wetu wa kuleta maji vihambani. Nilijisikia raha sijui niseme nini.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe.

Tukapelekwa kwa Waetruski. Hawa walikuwepo kabla Roma haijawa Roma. Mimi niliposikia "makaburi" nikajua tunakwenda kuona misalaba. Wapi! Ni vyumba vimechongwa chini ya mwamba, na vitanda vya mawe na mito ya mawe, marehemu alale kama yuko kwake.

Ukitoka hapo kuna mapito ya chini kwa chini. Tukainama kuingia. Mama mbele, mimi nyuma nimemshika kiuno.

Ghafla akasimama. Kumbe pembeni kuna kijichumba kimechongwa, cha kutosha mtu mmoja.

Akaingiza mkono. Akapapasa ukuta wenye alama za vyuma vya wachimbaji. Akapapasa tena polepole.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kichagga, "hapa alikaa wa rungu."

Wakuu, nikamtafsiria muongozaji wetu. Muongozaji alisema hakuna ajuaye kwa hakika kilikuwa cha nini. Mama alishajua.

Tukatoka nje. Hatua chache mbele kuna vijana wamepiga magoti kwenye shimo jingine, wanatoa udongo kwa vijiko na brashi, taratibu kama wanamlisha mgonjwa. Mama akauliza wamepoteza nini. Muongozaji akaeleza: hilo nalo lilikuwa pito kama lile, watu wakalijaza kifusi wajenge juu yake, na sasa wanalichimbua mwaka wa ngapi huu.

"Nani alilifukia? Adui?"

Nikatafsiri. Yule bwana akacheka. "Hapana. Wenyewe. Wajukuu."

Mama hakucheka. Alinishika mkono akanifinya. "Deo ameshaleta lori?"

Nikasema kifusi kilikuwa kinaanza wiki hiyo hiyo.

Yaani mtu ambaye siku tatu nyuma alikuwa anashikwa mikono kupanda ngazi, alitangulia kwenye gari!

Tumefika kwa Lucia, mimi nakimbilia simu, Mama kasimama koridoni anashangaa. Pembeni ya rafu ya viatu kuna chungu, ndani yake kuna masale! Jani lile lile refu la kwenye mipaka yetu. Wao wameliweka ndani kama pambo.

Sasa nyie mnajua. Kwetu mtu akikuletea jani la masale lililofungwa fundo, hata kama amekukosea nini, humkatalii. Ukikataa umejitafutia balaa wewe na ukoo wako.

Mama hakuomba ruhusa. Akachuma jani zuri kuliko yote, akapiga fundo. Lucia katoka jikoni anapiga kelele: "Mamma! Ua langu!" Amelilea tangu astaafu, na kwao wanauita mti wa furaha. Mama akamwambia, "Kaa chini binti, utajua baadaye."

Akashika jani mkono mmoja, simu mkono mwingine. Anapiga Njoro, dukani. Akapokea wifi yangu, mke wa Deo.

"Deo yuko wapi?"

"Shikamoo Mama! Ameshapanda Mwika na lori la kifusi tangu asubuhi."

Simu za mkononi wakati huo nani alikuwa nazo? Na huko juu simu hakuna.

Mama akasema, "Mwanangu, nisikilize. Hapa nilipo nimeshika masale. Panda mlimani, chuma jani kihambani kwangu, lifunge, mpelekee mume wako. Mwambie mama yako ameomba. Asifukie."

Mara nikasikia kwenye simu mlango wa chuma unashuka, krrrrr!

Wakuu, mnatusema sana Wachagga humu, eti pesa mbele. Basi andikeni na hili: mke wa Mchagga alifunga duka Jumamosi mchana, wateja wamesimama.

Usiku ule hatukulala vizuri. Lucia alipoelewa kisa chenyewe akakaa na Mama wakasali, na ua lake akalisamehe.

Tulikuja kujua tuliporudi. Wifi alikuta lori la kwanza limeshamwaga, la pili linarudi nyuma. Alipita katikati ya vibarua akamnyooshea Deo lile jani, "Mama yako ameomba." Deo akaliangalia, akaliangalia, akamwambia dereva, "Zima gari." Kisha akakaa juu ya kifusi mpaka jioni.

Aliumia, jamani. Nyumba alikuwa anamjengea Mama, na neno alikuwa ameshapewa.

Ndiyo maana tulipofika Mwika, Mama hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja alipo Deo, akafungua kitabu chake cha sala, akatoa lile jani la Italia limeshakauka na fundo lake. Kisha akapiga magoti. Mama yetu, kwa mwanawe!

"Mama, inuka! Ulishaniletea moja," Deo akalia.

"Lile lilikuwa la shimo. Hili ni langu, nilikupa neno nikalirudisha."

Deo akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akashtuka. "Mama, umepiga magoti?"

Tukaangaliana. Kumbe! Tulicheka na kulia kwa pamoja. Mpaka leo tunabishana kama ni maji ya Warumi au ni uchungu wa mama.

Kifusi tulikitoa wenyewe, ukoo mzima na machepe, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka. Nyumba ikahamia upande wa migomba, choo ndani kama alivyoahidi. Lucia alikuja baadaye, akainama kuingia shimoni, na muongozaji wake alikuwa Deo. Si mnajua hana mdomo? Siku hiyo hakunyamaza!

Jani lile la Italia Deo alilitundika dukani juu ya kaunta miaka yote. Siku tunamzika Mama pale kihambani, alilitoa, akaliweka mkononi mwake. Akasema, "Mama, nakurudishia. Nilishasahau zamani."

Nilichojifunza mimi: tuulizane kabla ya kufukia. Na neno ulilompa mtoto ukilirudisha, mfuate umuombe radhi, hata kama wewe ndiye mzazi.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu kuna shimo, kisima au jiwe gani ambalo mmeambiwa halina kazi? Na wa Kilema, Marangu na Kibosho mje, najua mna mashimo mmeyageuza mabanda ya nguruwe!